Kosa la Kiwandani au Uharibifu wa Mitaani? Ulinganisho wa Alama kwenye Sarafu

Mezani kwangu ziko sarafu mbili za senti 10 za Afrika ya Mashariki, zote za shaba, zote za mwaka 1952, na zote zimetoka katika kopo moja la maziwa alilotuachia marehemu babu. Kila moja ina tundu la katikati ambalo haliko katikati. Katika ya kwanza tundu limesogea juu, likakaribia kuligusa taji. Katika ya pili limeelekea kwenye pembe mojawapo ya ndovu na kuula mpindo wake wa ndani. Anayezitazama kwa haraka huziita pacha. Lakini moja ilitoka kiwandani ikiwa hivyo, na nyingine ilitobolewa upya na mtu mwenye keekee baada ya kuzunguka sokoni kwa miaka kadhaa. Ya kwanza inastahili bahasha yake na maelezo yake, na mkusanyaji makini angeilipia zaidi ya bei ya senti 10 ya kawaida. Ya pili, kwa mkusanyaji, ina thamani ndogo kuliko hata ile ya kawaida isiyo na hitilafu yoyote.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeshika sarafu ya aina hiyo na anayetaka kuamua aihifadhi, aipeleke kwa mjuzi, au airudishe mfukoni. Swali la kujiuliza kila mara ni moja: je, madini haya yalipata umbo hili yakiwa bado ndani ya mashine ya kupigia chapa, au baada ya kutoka? Ajabu ya sura ya sarafu haitoshi kulijibu, kwa sababu nyundo, moto, bahari na tupa vinaweza kutengeneza maajabu makubwa kuliko kosa lolote la kiwandani.

Hatua ambazo kosa linaweza kutokea

Utepe mrefu wa madini hupitishwa kwenye mashine inayokata visahani vya mviringo. Visahani hivyo huchomwa moto ili vilainike, huoshwa, kisha hubanwa pembeni ili kingo zake ziinuke kidogo. Ikiwa sarafu inatakiwa kuwa na tundu, kwa kawaida kisahani hutobolewa kabla ya kupigwa chapa. Hatimaye kila kisahani huingia ndani ya pete ya chuma pua, kati ya muhuri wa juu na muhuri wa chini, na kwa pigo moja pande zote mbili hupata picha na maandishi, huku ubavu ukibanwa na ile pete na kupata meno yake au kubaki laini. Pigo likiisha, sarafu husukumwa nje na kuangukia kwenye chombo pamoja na maelfu ya wenzake.

Kwa hiyo kosa halisi linaweza kutokana na kisahani, na mihuri, au na pigo lenyewe. Kila kinachotokea baada ya sarafu kusukumwa nje ni uharibifu, hata kama kimetokea ndani ya kuta za kiwanda. Mikwaruzo midogo inayotokana na sarafu kugongana ndani ya chombo, kwa mfano, haihesabiwi kuwa kosa la chapa.

Mstari ulioinuka na mstari uliozama

Muhuri ni kinyume cha sarafu: kilichochimbwa kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu, na kilichoinuka kwenye muhuri huzama. Muhuri ukipata ufa kwa sababu ya kupigwa mara nyingi, madini laini ya kisahani huingia ndani ya ufa huo, na kwenye sarafu hutokea mstari mwembamba ulioinuka, mara nyingi ukitoka ukingoni na kukatiza herufi kadhaa bila kuzikata. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa karibu na ukingo, sarafu huwa na uvimbe mnene usio na picha, na mahali panapolingana napo upande wa pili picha huwa hafifu, kwa kuwa madini yalikimbilia kwenye pengo badala ya kujaza picha.

Mkwaruzo wa mtaani huenda kinyume chake. Kisu, msumari au kokoto hulima mfereji ndani ya uso wa sarafu, na madini yaliyosukumwa hujikusanya kama matuta madogo kwenye kingo za mfereji huo, mfano wa udongo pembeni mwa mtaro uliochimbwa kwa jembe. Pitisha kioo cha kukuzia chenye uwezo wa mara 10, huku mwanga ukitoka ubavuni, utayaona matuta hayo waziwazi. Tena mkwaruzo hauchagui: hupita juu ya herufi na kuikata, kisha hurukia bonde lililo nyuma yake na kuendelea mbele, ilhali ufa wa muhuri huungana na herufi kana kwamba vimekua pamoja.

Kanuni hii ina vighairi vyake. Uzi, chembe ya chuma au grisi ikinaswa kati ya muhuri na kisahani huacha alama iliyozama, na alama hiyo ni ya kiwandani. Huitambua kwa kuwa haina matuta pembeni, na sakafu yake ni tulivu. Kwa upande wa pili, tone la lehemu au la gundi ngumu linaweza kuinuka na kumdanganya mtu. Hilo huketi juu ya uso wa sarafu, na mpaka wake huonekana kama mpaka wa tone la maji juu ya kioo.

Tundu lililohama na tundu lililochimbwa

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu sarafu zenye tundu ndizo zilizojaa katika makopo na makasha ya pwani na bara. Wajerumani walitoa heller 5 na heller 10 zenye matundu (na ni kutoka neno hilo heller ndipo tulipopata neno letu hela), na senti 5 na 10 za Waingereza zilitobolewa katikati tangu zama za Himaya ya Afrika ya Mashariki na Uganda hadi miaka ya uhuru. Matundu hayo yalimwezesha mtu kuzifunga sarafu kwa kamba. Fundi naye aliziona kuwa washa (vibati vyenye tundu vya kuwekwa chini ya kichwa cha msumari) zilizokwisha kutengenezwa, na tundu lilipokuwa dogo kwa msumari wake aliliongeza.

Rudi kwenye sarafu zangu mbili. Kipimo cha kwanza ni upana wa tundu. Tundu lililohama kiwandani limetobolewa kwa kifaa kilekile kilichotoboa matundu mengine yote, kwa hiyo limebadili mahali tu. Upana wake ni uleule wa sarafu ya kawaida. Tundu la sarafu yangu ya kwanza linalingana na la senti 10 nyingine tatu nilizozipima. La sarafu ya pili ni pana zaidi, na si mviringo kamili: upande mmoja kumebaki sehemu ya duara la zamani, na upande wa pili duara jipya limelivamia.

Kipimo cha pili ni mdomo wa tundu. Kwa kuwa kisahani kilitobolewa kabla ya chapa, pigo la mihuri lilisukuma madini kidogo kuelekea ndani, na mdomo ukawa wa mviringo na laini pande zote mbili. Keekee huacha mdomo mkali upande ilikotokea, mara nyingi pamoja na ulimi mdogo wa madini uliokunjamana, na ndani ya ukuta huacha mikwaruzo inayozunguka kama uzi wa parafujo. Msumari uliopigwa kwa nyundo huacha bonde upande ulikoingia na mlima upande ulikotokea.

Kipimo cha tatu ni picha inayolizunguka. Tundu likihama kabla ya chapa, herufi na mapambo yanayolikaribia huvutika kidogo kuelekea kwenye utupu, kwa kuwa madini yalikosa mahali pa kuegemea wakati wa pigo. Tundu likichimbwa baadaye, mapambo hukatwa kama mkate uliokatwa kwa kisu: pembe ya ndovu kwenye sarafu yangu ya pili imepoteza mpindo wake, lakini kilichobaki kiko palepale kilipopaswa kuwa, kikiwa na urefu na unene wake wote.

Ipo pia hali ya tundu kukosekana kabisa, ambayo wakusanyaji huitafuta sana, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoghushiwa. Sarafu iliyopigwa chapa bila kutobolewa ina katikati tambarare ya rangi moja na mwili wote. Sarafu iliyozibwa ina mshono. Unaweza kusuguliwa, unaweza kufichwa kwa rangi, lakini ukiigeuzageuza sarafu polepole chini ya mwanga wa dirisha, mshono hujitokeza kama duara jembamba, kwa kuwa madini ya kiraka hayang'ai sawasawa na ya mwili. Tena tundu lililokosekana huongeza uzito, na mizani ya sonara itaonyesha tofauti hiyo.

Upande uliopotea

Sarafu iliyopungukiwa na sehemu yake moja inaweza kuwa na historia tatu tofauti, na uzito ndio unaotangulia kuzitenganisha. Kama kisahani kilikaa vibaya kati ya mihuri, picha hupigwa upande na kuacha mwezi mwandamo mtupu upande wa pili. Sarafu hiyo ina uzito wake kamili, kwa kuwa hakuna madini yaliyopotea, na kwa kawaida imetanuka kupita upana wake halali, kwa kuwa pete haikuibana. Sehemu tupu ina ngozi ya asili ya kisahani, haina kivuli cha herufi yoyote, na mpaka kati yake na picha umeshuka kama ngazi. Mtu akiisugua sarafu kwa tupa au msasa ili kuiga hali hiyo, sehemu tupu huwa nyembamba kuliko mwili, herufi huzama polepole badala ya kukatika ghafla, na mizani husoma pungufu.

Historia ya pili ni ya kisahani kilichokatwa vibaya, pale utepe uliposogea pungufu na kifaa cha kukatia kikaingia kwenye tundu la kisahani kilichotangulia. Sarafu hupata pengo lenye umbo la ndani ya duara, kana kwamba imeng'atwa. Hapa uzito umepungua kweli, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi kuitofautisha na sarafu iliyokatwa kwa mkasi wa bati. Ushahidi uko mahali pawili. Kwanza, karibu na pengo herufi zimefifia na kutanuka kuelekea kwenye pengo. Pili, na hili ndilo ninalolitegemea zaidi, upande wa sarafu unaoelekeana moja kwa moja na pengo huwa na ukingo dhaifu, kwa sababu kisahani kilipobanwa pembeni ili kuinua kingo, hakikuwa na kitu cha kukisukuma kutoka upande wa pengo. Mtu mwenye msumeno wa chuma hawezi kuutengeneza udhaifu huo upande asioukata. Alama hii haitokei katika kila sarafu ya aina hiyo, lakini inapotokea pamoja na herufi zilizotanuka, nafsi hutulia.

Ya tatu ni ya sarafu iliyopigwa chapa bila pete kabisa: picha iko katikati na imekamilika, lakini sarafu ni pana, haina meno ubavuni, na ukingo wake umelala. Inafanana sana na sarafu iliyogongwa kwa nyundo au kukanyagwa na gari moshi. Tazama picha yenyewe. Nyundo hulaza picha na kuifanya iwe tambarare, ilhali pigo lisilo na pete huiacha ikiwa imeinuka kwa kimo chake cha kawaida.

Maandishi yanayoonekana mara mbili

Hili ndilo linalowapotosha watu wengi kuliko yote. Mtu anaona mwaka umeandikwa kama wenye kivuli, anasikia habari za senti ya Marekani ya mwaka 1955, ambayo tarehe na maandishi ya upande wa kichwa yameonekana mara mbili hata kwa jicho tupu, na anaamini amepata ya kwake.

Senti ile ya 1955 ilitokana na muhuri ambao, wakati wa kutengenezwa, ulipokea picha mara mbili bila kulingana. Kwa hiyo kila sarafu iliyopigwa na muhuri huo ina urudufu uleule mahali palepale. Herufi zake ni nene kuliko kawaida. Nakala zote mbili ziko katika kimo kimoja, zote zina migongo ya mviringo, na kwenye pembe za herufi kuna mwachano mdogo mfano wa mkia wa mbayuwayu.

Urudufu wa kawaida, ule unaopatikana katika sarafu za nchi nyingi zikiwemo zetu, hutokea pale muhuri uliolegea unapoteleza kidogo baada ya pigo na kuzikwangua herufi zilizokwisha kuinuka. Kivuli chake ni kama rafu ya ukutani: tambarare, cha chini, kinang'aa, na kimekatwa kutoka katika mwili wa herufi, kwa hiyo herufi yenyewe imekuwa nyembamba. Kwa mtazamo mkali jambo hili limetokea kiwandani na si uharibifu wa mtaani, lakini wakusanyaji hawalilipii chochote cha ziada, na mimi nakubaliana nao, kwa sababu linatokea mno na halirudii umbo moja. Muhuri uliochakaa nao huzipa herufi ukungu na mawimbi kuelekea ukingoni. Huo pia uweke kando.

Uchakavu na pigo hafifu

Hapa alama za kweli na za uongo zinakaribiana kiasi cha kumchosha hata mzoefu. Uchakavu huanza kula sehemu zilizoinuka zaidi: shavu na nywele za kichwa, au manyoya na bega la simba kwenye shilingi ya Afrika ya Mashariki. Bahati mbaya pigo hafifu nalo huzikosesha picha sehemu hizohizo, kwa kuwa ndizo zenye kina kirefu zaidi kwenye muhuri na ndizo zinazojazwa mwisho. Kwa hiyo mahali penye upungufu hapatoi jibu. Jibu hutolewa na ngozi ya mahali hapo. Pigo hafifu huacha uso wa asili wa kisahani, wenye vinyweleo na mikwaruzo midogo isiyofutwa, na mng'ao wa sarafu hupita juu yake bila kukatika. Uchakavu huacha uso laini, uliofifia, usio na mng'ao, na huonekana pia kwenye ukingo, kwa sababu vidole na mifuko havilambi bega la simba peke yake.

Mfano unaonivutia ni heller 20 za Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamefungiwa njia za bahari na vita, walizipiga sarafu hizo wenyewe karibu na Tabora, nyingine kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba ya manjano, zikiwa na herufi T chini yake. Vifaa vilikuwa vya karakana, mihuri ilichongwa kwa haraka na ikapata nyufa. Ndiyo maana zinakutwa zenye picha zilizosogea, herufi zilizojaa nusu, na mistari iliyoinuka. Mwenye kuipata moja asikimbilie kudai kwamba ameokota kosa adimu, kwani katika toleo hili hitilafu ndiyo hali ya kawaida. Wala asiitupe akidhani imelika. Kinachotafutwa ni tofauti ya mihuri iliyotumika na usafi wa hali ya sarafu. Katika toleo kama hili mkwaruzo wa kisu hupunguza bei, na ufa wa muhuri hauigusi.

Sehemu iliyotoweka kabisa hudai uangalifu zaidi. Sarafu ya senti tano ya Marekani ya mwaka 1937, yenye herufi D ya Denver, inajulikana kwa nyati wa miguu mitatu: muhuri ulisuguliwa kupita kiasi na mguu mmoja wa mbele ukafutika. Wadanganyifu huchukua sarafu ya kawaida na kuukwangua mguu huo. Sarafu halali ina safu ya vidoto vilivyoinuka kutoka tumboni mwa nyati kushuka ardhini, na vidoto hivyo mkwanguaji hawezi kuviinua kwa kisu. Vivyo hivyo senti 20 za Uingereza za mwaka 2008, ambazo baadhi zilitoka bila mwaka upande wowote kwa sababu muhuri wa toleo la zamani uliunganishwa na ule wa toleo jipya: mahali pa mwaka hapana kovu wala bonde, na herufi zote jirani ni kali. Mwaka uliofutwa kwa tupa huacha shimo dogo na mistari sambamba ya meno ya tupa.

Rangi, sumaku na mizani

Rangi ni shahidi dhaifu kuliko wote. Moto, tindikali, mbolea, udongo wa chumvi na maji ya bahari vinaweza kugeuza sarafu kuwa nyekundu, nyeusi au ya zambarau. Sarafu iliyoliwa na tindikali huwa nyepesi na upana wake hupungua kidogo, herufi zake zimekonda na uso wake una vishimo kama ganda la chungwa. Iliyopigwa kwenye kisahani chembamba kimakosa nayo ni nyepesi, lakini herufi zake zina kingo safi.

Sumaku humaliza ubishi mwingi. Sarafu zetu za Tanzania za shilingi 50 na 100 ni chuma pua kilichopakwa shaba ya manjano, na hushikwa na sumaku. Katika hewa ya pwani, mkwaruzo mdogo ukifika kwenye chuma, kutu huanza kutambaa chini ya ngozi na kuinua uvimbe. Baadaye ngozi hubanduka na sarafu hubaki na mabaka ya kijivu na kahawia. Nimeonyeshwa nyingi za namna hii zikidaiwa kuwa zilipigwa bila kupakwa. Sarafu iliyokosa ngozi tangu kiwandani ina picha kali na uso wa rangi moja. Iliyobanduka ina visiwa vya manjano vilivyosalia ndani ya kona za herufi, na chuma kilichotafunwa pembeni yake.

Mfano mashuhuri wa sumaku na mizani kufanya kazi pamoja ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, sarafu zikapigwa kwa chuma pua kilichopakwa zinki, zenye uzito wa gramu 2.7 na zinazoshikwa na sumaku. Chache mno zilipigwa kwa makosa kwenye visahani vya shaba, vyenye gramu 3.11, na sumaku haizigusi. Nyingi zinazodaiwa kuwa hizo ni za chuma zilizopakwa shaba baadaye, na sumaku huzifichua papo hapo. Nyingine ni za mwaka 1948 ambazo tarakimu 8 imechongwa ikawa 3. Hizo hushinda sumaku na mizani, lakini kioo cha kukuzia huonyesha jeraha la kisu.

Sarafu za madini mawili, na jiliwa

Shilingi 10 ya Kenya tangu mwaka 1994 na shilingi 20 tangu mwaka 1998 zina moyo wa madini mmoja ndani ya pete ya madini mwingine. Moyo na pete hukutanishwa na kupigwa chapa kwa pigo moja. Kwa hiyo picha iliyo kwenye moyo ikiwa imeinama ikilinganishwa na maandishi ya kwenye pete, moyo umetolewa na kurudishwa na mtu. Moyo uliokosewa kiwandani, uliokaa upande kwa mfano, hubeba picha inayoendelea kupita juu ya mshono, na madini ya pande zote mbili yamemiminikiana.

Kuhusu jiliwa, yaani kile kibanio cha karakana, ni rahisi. Sarafu mbili zikibanwa pamoja, kila moja huacha kwenye mwenzake picha iliyozama na iliyogeuzwa kinyume. Kiwandani pia sarafu iliyonasa kwenye muhuri huacha picha ya namna hiyo kwenye kisahani kinachofuata, lakini pale picha iliyozama inachukua nafasi ya picha ya kawaida. Ya jiliwa imelala juu ya picha ya kawaida, ambayo bado inaonekana chini yake ikiwa imepondwa.

Umri wa alama

Vipimo vyote vikishindwa kukubaliana, hubaki umri. Kosa la kiwandani lina umri sawa na sarafu. Kila kilichoipata sarafu kimelipata na kosa hilo. Ikiwa uso umekuwa wa kahawia kwa miaka sabini, na ndani ya alama kuna wekundu wa shaba mbichi, alama ni changa kuliko sarafu. Ikiwa vidole vimelainisha herufi lakini kingo za alama bado zinakwaruza ukucha, alama ilikuja baada ya vidole. Ndiyo sababu naomba kwa dhati mtu asiioshe sarafu kwa ndimu na majivu kabla ya kuichunguza. Kusafisha huko huziweka ngozi zote katika umri mmoja na kuuondoa ushahidi ambao hakuna mjuzi atakayeweza kuurudisha, hata sarafu iwe na kosa la kweli kiasi gani.

Katika sarafu yangu ya kwanza, ukuta wa tundu ni wa kahawia ileile ya uso, na mdomo wake upande wa taji umelainika kiasi kilekile ambacho taji lenyewe limelainika. Katika ya pili, uso umechakaa sana, lakini ndani ya tundu mizunguko ya keekee bado ni mikali na mstari mmoja bado ni mwekundu. Ya kwanza nimeipima, nimeipiga picha pande zote mbili pamoja na ubavu, na kuiandikia uzito na upana wa tundu juu ya bahasha yake. Ya pili imerudi kwenye kopo la babu, pamoja na zile nyingine.